Muulizeni Mwenyewe

Kazi ya kwanza ya Kunigunda kila asubuhi ilikuwa uji. Alikoka moto, akabandika sufuria, akakoroga. Uji ukiiva, alimimina kikombe kimoja na kukipeleka chumbani kwa mumewe, Melkior. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Sema uji," Kunigunda alisema. Alipaza sauti kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya kijito.

Melkior alimtazama. Midomo yake ilihangaika. "Ndiyo," alisema.

"Siyo ndiyo. Uji. Sema: u-ji."

"Ndiyo. Ndiyo."

"Ukisema, nakupa. Usiposema, unakaa."

Melkior aligeuza uso wake ukutani. Uji ulipoa. Mwisho Kunigunda alimnywesha kwa kijiko huku machozi yakimlenga, na wote wawili wakawa wamechoka kabla siku haijaanza.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu mama huyu. Alimpenda mumewe. Waliishi Namswea, wilaya ya Mbinga, na walikuwa wamelima pamoja miaka thelathini na kumlea binti yao Yuliana, aliyeolewa mbali. Melkior alijulikana kwa kahawa yake na kwa mdomo wake. Kwenye mikutano ya ushirika alikuwa akisimama, watu wanaacha kunong'ona. Halafu mwezi wa nane mwaka uliopita, katikati ya kuchuma kahawa, alianguka na kikapu chake. Kilikuwa kiharusi. Hospitali waliokoa maisha yake, lakini mkono wa kulia ulibaki dhaifu, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, na maneno yakaondoka. Lilibaki neno moja tu: ndiyo. Akitaka kitu, ndiyo. Asipotaka, ndiyo. Akikasirika, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Siku ya kutoka hospitali, Kunigunda aliambiwa mumewe afanye mazoezi ya kusema. Hakuna aliyemwonyesha mazoezi yenyewe. Shule anayoijua yeye ni ile ya mwalimu kusema na mwanafunzi kurudia. Basi akafungua shule chumbani, na mwanafunzi wake akawa anafeli kila siku.

Kulikuwa na jambo jingine. Wamatengo wana desturi ya wanaume wa familia kukaa na kula pamoja, kila nyumba ikileta chakula chake. Wanaiita sengu. Siku hizi kwa familia hii sengu ilikuwa Jumapili tu, baada ya misa. Watu walikula, kisha wakazungumza mambo ya mashamba na ya watoto. Tangu augue, Melkior hakukaa tena sengu. Kunigunda alimlisha ndani. Aliona aibu watu wamwone mumewe akidondosha ugali na kutafuta maneno.

Kwa hiyo wanaume wakazoea kuzungumza bila Melkior. Na mtu asipokuwepo, mambo yake yanaamuliwa na waliopo.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, walimwita. Mansuetus, kaka mkubwa wa Melkior na mkuu wa familia, alituma watu wawili wamshike mkono wamlete. Kunigunda alisimama mlangoni mwa jiko.

Romanus, mdogo wao, ndiye aliyeanza kusema.

"Mimi sina nia mbaya kwa kaka yangu," alisema. "Lakini tuseme ukweli. Majani ya shamba lake la ng'ambo ya kijito yamefika kiunoni. Mwezi ujao ni wa kutengeneza ngoro. Nani atafyeka? Nani atapanga majani?"

Hapo Romanus alisema kweli. Ngoro ni mashimo ya kilimo chetu cha milimani. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa mistari ya miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kufunika yale majani. Shimo linabaki katikati, linashika maji ya mvua, na udongo haukimbii kwenda bondeni. Bila mtu wa kufyeka na kupanga, hakuna ngoro, na bila ngoro hakuna maharage.

"Na kahawa je?" Romanus aliendelea. "Kahawa inataka mtu wa kusimamia vibarua na kusema kwenye ushirika. Kaka hasemi. Naomba nichukue yote mawili, kahawa na shamba la ng'ambo. Nitawatunza yeye na shemeji."

Mansuetus alimgeukia Melkior. "Umesikia? Unakubali Romanus achukue kahawa na shamba la ng'ambo?"

"Ndiyo," alisema Melkior. Uso wake ulikunjamana. Alipiga goti lake kwa ngumi ya kushoto. "Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo."

"Amekubali mara nne," alisema Mansuetus.

Kunigunda alishindwa kuvumilia. "Baba mkubwa," alimwambia Mansuetus, "hajakubali."

"Amesema nini, mama?"

"Amesema ndiyo. Lakini hajakubali."

"Sasa sisi tufuate lipi?" Mansuetus aliuliza. Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kwa sababu hakujua. Na Kunigunda hakuwa na jibu.

Ikapangwa kwamba Jumapili ya nne kutoka siku ile, mwenyekiti wa kitongoji aje waandikishane. Kunigunda alimrudisha mumewe ndani. Melkior alikuwa akilia bila sauti. Kunigunda alikaa kando yake na kujiuliza jambo lililomtia hofu kuliko yote. Je, akili za mume wangu bado zipo?

Jumatano ilikuwa siku ya mazoezi ya viungo hospitalini, mjini Mbinga. Walipanda pikipiki, Melkior katikati, Kunigunda nyuma amemkumbatia asidondoke. Mtaalamu wa mazoezi aliitwa Lidia. Alikuwa dada mchapakazi, asiyependa maneno mengi. Kunigunda alimvuta pembeni.

"Dada, niambie usinifiche. Mume wangu amekuwa punguani?"

Lidia alimgeukia Melkior, akamtazama usoni, akasema taratibu, "Mzee, fumba macho."

Melkior alifumba macho.

"Fumbua. Nionyeshe dirisha."

Melkior aliinua mkono wa kushoto akaonyesha dirisha.

"Unaona, mama?" Lidia alisema. "Ananisikia na ananielewa. Hali yake inaitwa afasia. Kiharusi kimeumiza ile sehemu ya ubongo inayopanga maneno. Mambo mengine kichwani yapo. Anakujua, anajua shamba lake, anajua kinachomfurahisha na kinachomuudhi. Anachotaka kusema anakijua pia. Neno ndilo haliji, au linakuja lingine. Na wewe ukisema mengi kwa haraka, mengine yanampita."

"Mbona anasema ndiyo kwa kila kitu?"

"Kwa sababu ndilo lililobaki. Usifuate mdomo wake peke yake. Tazama uso, mkono, kichwa. Nafuu huja polepole, kwa watu wengine miezi, kwa wengine miaka. Dawa ya presha asiache hata siku moja. Na ukiona mdomo umekwenda upande, au mkono umelegea ghafla, au maneno yanazidi kuvurugika ghafla, usingoje kesho. Mlete siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo."

Kunigunda alishusha pumzi. Ilikuwa kama mtu amemtua mzigo wa kuni. Lakini Lidia hakuwa amemaliza.

"Mtaalamu wa kufundisha kuongea hapa hatuna. Ila pale barazani wamekaa watu wanaojua kuishi na hali hii kuliko mimi. Mzee atakuwa na mimi saa nzima. Nenda kakae nao."

Barazani kulikuwa na benchi, chupa ya chai na sahani ya viazi vitamu. Walikaa watu sita. Mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye kitenge cha zambarau cha Kwaresima, alisogea kumpisha. Huyo alikuwa Scolastika, kutoka Mbuji. Mumewe alipata kiharusi miaka minne iliyopita. Pembeni yake alikaa Egidi, fundi seremala, anayemtunza mama yake mzazi.

"Shikamoo, dada," Kunigunda alisema.

"Marahaba. Kaa."

"Asante, lakini mimi sina muda wa mazungumzo. Nina shida nyumbani."

"Kaa dakika tano," alisema Egidi. "Ukifa, mimi ndiye nitakayechonga jeneza, wala sitakudai."

Watu walicheka. Kunigunda alicheka pia, bila kutaka. Ulikuwa muda mrefu hajacheka. Alipokaa, kicheko kiligeuka kilio, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Scolastika alimmiminia chai na kumngoja.

Kunigunda aliwasimulia yote, uji, sengu, kahawa, ndiyo nne. Alipofika kwenye "ukisema, nakupa", alishusha sauti kwa aibu.

"Mimi nilifanya hivyo miezi mitano," alisema Scolastika. "Kwangu ilikuwa maji. Nilimnyima mume wangu maji, mwanamke mzima mimi, eti namfundisha. Siku moja alinirushia kikombe. Nilimlaumu yeye. Sasa najua kilichonistahili ni kile kikombe."

Kunigunda alimtazama. Hakuwa amewahi kusikia mtu mwingine akisema jambo hilo.

"Mpe uji kwanza," Scolastika aliendelea. "Mtu mwenye njaa na hasira hapati neno. Hata wewe ukikasirika maneno yanakukimbia. Mpe, kisha taja tu jina la kitu chenyewe kwa upole. Uji huu hapa. Akirudia, vizuri. Asiporudia, amekunywa."

"Na usimpigie kelele," alisema Egidi. "Mama yangu aliumwa ubongo, si masikio. Mimi nilikuwa nampigia kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama tunagombana."

Scolastika aliuliza, "Kwenu nyumbani mnaongea lugha gani?"

"Kimatengo."

"Na huko kwenye shule yako ya uji?"

Kunigunda alifikiri. "Kiswahili," alisema polepole. "Hospitali waliniambia kwa Kiswahili. Na kufundisha ni Kiswahili."

"Mlichumbiana kwa Kiswahili?"

"Hapana."

"Basi rudi kwenye lugha mliyochumbiana. Ile ndiyo ya karibu kwake. Na shemeji zako, siku ile ya sengu, walimuuliza kwa lugha gani?"

"Kiswahili," alisema Kunigunda. "Baba mkubwa huona jambo la kuandikishana ni la kiserikali."

Kosa hilo hufanywa sana huku kwetu. Tunamwamsha mgonjwa kwa lugha ya mama, tunamwogesha kwa lugha ya mama, lakini tukitaka kumuuliza jambo kubwa tunavaa Kiswahili kama koti la Jumapili. Kisha tunashangaa akichelewa kujibu.

Egidi alichukua kiazi kimoja na kipande cha mkaa. Akaviweka mbele ya Kunigunda.

"Mama yangu sasa namuuliza hivi. Naweka vitu viwili mbele yake. Nasema kwa kifupi, mama, hiki au hiki? Kisha nafunga mdomo."

"Unangoja muda gani?"

"Hesabu mpaka kumi tumboni, bila sauti. Taratibu. Hapo ndipo penye kazi. Ukifika nne utataka kumsaidia. Usimsaidie. Ukifika saba utaona kama anateseka. Ngoja tu."

"Kisha umuulize kinyume," Scolastika aliongeza. "Umeuliza, unataka shuka? Akaonyesha kukubali. Geuza: basi nisikupe shuka? Akikubali hilo pia, hamjaelewana, anza upya. Majibu yakikubaliana, hapo umepata jibu lake. Na ukishindwa kuelewa, mwambie sijaelewa, tutajaribu tena baadaye. Usijifanye umeelewa. Wanajua."

Saa ile ilikwisha upesi. Kabla ya kuondoka, Scolastika aliandika namba yake ya simu kwenye daftari la kliniki la Melkior.

"Una wiki tatu na siku chache," alisema. "Zinatosha kama hutapumzika, na hazitatosha kama hutapumzika."

"Dada, sikuelewi."

"Ufanye kazi kila siku. Lakini tafuta mtu wa kukaa naye mchana mmoja kwa wiki, wewe ulale au uende kusali kwenye jumuiya. Ukianguka wewe, nani atambeba?"

"Nimwombe nani? Wote wanataka shamba."

"Mwombe huyo huyo anayetaka shamba. Akae na kaka yake. Atajifunza kitu."

Kunigunda alirudi nyumbani amekaza nia. Asubuhi iliyofuata alipeleka uji, akauweka mkononi mwa Melkior, akasema kwa Kimatengo kwamba huu ni uji. Melkior alishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Alikunywa mpaka mwisho. Kisha alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kama mtu aliyemwona amerudi kutoka safari.

Siku ya pili aliweka mashati mawili kitandani. Hili au hili? Alihesabu tumboni. Moja, mbili, tatu. Kwenye nne aliuma ulimi wake asiseme. Kwenye nane mkono wa Melkior uliinuka ukagusa shati la buluu.

Haikuwa rahisi kila siku. Siku ya sita Melkior alitaka kitu, akaonyesha nje, akasema ndiyo mara ishirini. Kunigunda alileta maji, fimbo, kofia, kiti. Vyote vilikataliwa. Melkior alikasirika akasukuma meza. Kunigunda alitoka nje akampigia simu Scolastika.

"Nimechoka," alisema. "Natamani nimwache hapo."

"Wangu alitaka rozari siku mbili," alisema Scolastika. "Nilimletea mpaka kuku. Mwambie hujaelewa. Kaa naye tu, usiulize kitu. Kesho jaribu tena."

Kesho yake Kunigunda alimshika mkono wakatoka nje pamoja, Kunigunda akimfuata anakotaka kwenda. Melkior alikwenda mpaka kwenye kahawa. Alisimama kwenye mche mmoja, akashika tawi lililopukutika majani, akamwonyesha. Ulikuwa ugonjwa wa kutu ya majani. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameuona. Kunigunda alimkumbatia pale pale kwa furaha. Mtu huyu aliyesemwa hana akili alikuwa ameona ugonjwa huo kupitia dirisha la chumbani.

Romanus alikuja kukaa na kaka yake Alhamisi mbili. Mara ya kwanza alikaa na simu yake. Mara ya pili Kunigunda alirudi kutoka jumuiya akawakuta wanacheza bao. Melkior alikuwa amemla kete zote. Romanus aliondoka akiwa na mawazo.

Na Jumapili ya tatu, Kunigunda alibeba ugali wa mumewe mpaka sengu, mbele ya watu wote. Alimkalisha kwenye kigoda chake cha zamani. Melkior alikula kwa mkono wa kushoto. Alidondosha matonge mawili. Hakuna aliyekufa.

Ikafika Jumapili ya nne. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na karatasi. Scolastika alikuja pia, kwa pikipiki kutoka Mbuji, akapewa kiti pamoja na wanawake. Kunigunda alipiga magoti mbele ya Mansuetus.

"Baba mkubwa, siku ile uliniuliza mfuate lipi. Sikuwa na jibu. Leo ninalo. Muulizeni mwenyewe, lakini muulizeni kwa namna anayoweza kujibu."

Alieleza. Kimatengo, maneno machache, vitu vya kuonyesha, kungoja mpaka kumi, kuuliza kinyume. Mansuetus alisikiliza, kisha akakuna kidevu.

"Hii kwangu ni michezo ya watoto, mama. Nitajuaje kwamba anajibu na habahatishi?"

Scolastika aliomba ruhusa ya kusema. "Shikamoo, mzee. Muulize kwanza kitu unachokijua wewe na yeye. Ukiridhika, endelea. Usiporidhika, tutanyamaza."

Mansuetus aliona hilo ni la haki. Alisogeza kigoda chake mbele ya mdogo wake. Mtu mmoja alizima redio. Mansuetus aliinua kidole kimoja, akauliza kwa Kimatengo.

"Kahawa yetu. Ilipandwa na baba?" Akainua vidole viwili. "Au babu?"

Watu walingoja. Romanus alitaka kusema kitu, lakini jicho la Scolastika lilitosha. Melkior aliinua mkono wa kushoto na kutoa vidole viwili.

"Hapana," alisema Romanus. "Ni baba."

Mansuetus alimgeukia. "Wewe ulikuwa hujazaliwa," alisema. "Ni babu. Baba alijazia tu. Mimi mwenyewe kila mwaka huwa nasema ni baba, kwa mazoea." Alimtazama Melkior kwa macho mapya. "Mdogo wangu. Kumbe upo."

Melkior alianza kulia, na safari hii hata Mansuetus alijifuta macho kwa kiganja.

Kunigunda alileta tawi la kahawa na fungu la majani yaliyofyekwa shamba la ng'ambo. Akaviweka chini mbele ya mumewe. Kunigunda mwenyewe alijua anachokitaka. Alitaka vyote vibaki. Shamba la ng'ambo lilikuwa la maharage yake.

Mansuetus alishika tawi la kahawa. "Hii. Yako, au ya Romanus?"

Melkior hakungoja kumi. Alilinyakua tawi na kuliweka mapajani mwake, akalifunika kwa mkono.

"Basi nimpe Romanus?" Mansuetus aliuliza kinyume.

Melkior alitikisa kichwa kwa nguvu. Mdomo ulisema ndiyo, lakini safari hii hakuna aliyeufuata.

Mansuetus alishika fungu la majani. "Haya. Shamba la ng'ambo. Lako, au la Romanus?"

Melkior alitazama majani. Alimtazama mkewe. Kisha alichukua fungu lile, akanyoosha mkono, akalitua miguuni pa Romanus.

"Hajaelewa," Kunigunda alisema. Neno lilimtoka kabla hajalifikiri. "Baba mkubwa, hapo hajaelewa."

"Mama Yuliana," alisema Scolastika kwa upole.

Kunigunda alisikia uso wake unawaka. Alikuwa amesema kile kile walichosema wenzake kwa miezi saba. Alijikaza. Alikwenda akapiga magoti mbele ya mumewe, akachukua majani, akayarudisha kwake.

"Baba Yuliana," alisema. "Shamba la ng'ambo libaki kwetu?"

Alihesabu tumboni. Alitamani afike kumi bila kujibiwa. Kwenye tano, Melkior aliyasukuma majani tena mpaka kwa Romanus. Taratibu, bila hasira, huku akimtazama mkewe machoni.

"Imetosha," alisema Mansuetus. "Mwenyekiti, andika. Kahawa ni ya Melkior. Shamba la ng'ambo analima Romanus. Ameamua mwenyewe."

Jumatano iliyofuata, barazani hospitalini, benchi lilikuwa limejaa. Kulikuwa na wageni wawili. Scolastika alikuwa ameshawasimulia habari za sengu, na wote walimngoja Kunigunda. Alifika, akamwacha Melkior kwa Lidia, akakaa kwa kishindo.

"Habari za nyumbani?" Egidi aliuliza.

"Mbaya. Nimegombana na mume wangu siku mbili."

"Mmegombana vipi na mtu asiyesema?"

"Anagombana vizuri kuliko zamani," alisema Kunigunda. "Nilimuuliza kwa nini ametoa shamba langu la maharage. Nikakaa nikangoja. Alishika mgongo wake, akanionyesha mimi. Akainama kama ninavyoinama nikitoka ng'ambo jioni. Kumbe miezi yote hii alikuwa ananitazama dirishani. Nikamwambia, mgongo ni wangu. Akatikisa kichwa. Nikamwambia, na maharage je? Akavuta daftari, akachora miraba kwa mkono wa kushoto. Mistari sita akanionyesha mimi, mingine ya Romanus. Nikasema nataka kumi. Akachora tena sita. Nikamletea kalamu nyingine, labda ile ni mbovu. Akachora sita."

Benchi zima lilikuwa linacheka.

"Jana Romanus amekuja na panga," Kunigunda aliendelea. "Amefyeka na kupanga majani ya mistari yangu kwanza, kabla ya yake. Mimi na mkewe tunachimba. Mgongo hauumi."

"Mistari mingapi?" Scolastika aliuliza.

"Sita."

Scolastika alimimina chai akampa. "Sasa umerudishiwa mume," alisema.

Kunigunda alipokea kikombe. Alijaribu kukunja uso, akashindwa. "Hajasema neno hata moja," alisema, "na amenishinda."